Farasi wa Kingaru, kuku wa Kibaha: Shirika la Elimu Kibaha na bonde lake

Mwanzoni mwa masika ya 1871, Henry Morton Stanley akiwa njiani kumtafuta Livingstone alipiga kambi Kingaru, katika nchi ya Wakwere, siku chache tu baada ya kutoka Bagamoyo. Alikuwa na farasi wawili. Mmoja, wa kijivu, alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja. Farasi huyo akafia pale pale kambini, na Stanley kwa kuogopa uvundo akaamuru achimbiwe shimo pembeni afukiwe. Haukupita muda, mkubwa wa Kingaru akaleta madai yake: mgeni amezika mnyama katika ardhi yangu bila kuniomba, na alipe doti mbili za nguo. Stanley, kama anavyosimulia mwenyewe katika kitabu chake, akamjibu kwamba hakuna taabu, askari wake watamfukua farasi na kumwacha juu ya ardhi vile vile alivyokuwa. Mzee akapiga hesabu ya harufu, akaona heri marehemu apumzike. Haikupita siku nzima, farasi wa pili naye akafa.

Naanza na farasi kwa sababu historia za taasisi zetu zimezoea kuanza na jiwe la msingi. Ukisikiliza historia ya Shirika la Elimu Kibaha inavyosimuliwa siku za sherehe, inaanza 1963: Tanganyika haijafikisha hata miaka miwili ya Uhuru, nchi nne za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zinaungana kuanzisha mradi mmoja wa pamoja, wa kwanza wa aina yake kwao, kilometa 40 hivi magharibi ya Dar es Salaam. Jina lake lilikuwa Mradi wa Nordiki Tanganyika. Ulikusudiwa kupambana na wale maadui watatu ambao kila mtoto wa shule wa zama zile aliwajua kwa majina: ujinga, maradhi na umaskini. Tarehe 10 Januari 1970 mradi ukakabidhiwa rasmi kwa Serikali ya Tanzania, na ndipo lilipozaliwa Shirika tunalolijua.

Yote hayo ni kweli. Tatizo ni sentensi moja ambayo huchomekwa kabla yake, kwamba hapo palikuwa pori tu. Mkubwa wa Kingaru angelisikia neno hilo angedai doti mbili nyingine.

Kibaha imekaa juu ya mgongo wa ardhi, kati ya bahari na bonde la Ruvu. Mto wenyewe unatoka milima ya Uluguru, unazunguka kwa mapana ukipita pembezoni mwa Kisarawe na Kibaha, kisha unamwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Wasafiri wa zamani waliuita Kingani. Watu wa bonde walikuwa na majina yao, na hata hilo la Ruvu si la mto huu peke yake: Pangani nao huko juu huitwa Ruvu.

Watu walianza lini kuishi huku? Ukiuliza vyungu, vitakujibu. Ule ufinyanzi ambao wanaakiolojia wanauita wa Kwale, kwa jina la Kwale ya Kenya ulikotambuliwa kwanza, umefukuliwa pia katika pwani ya Tanzania, na umri wake ni wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti aliouchapisha 1994, alifuatilia mfululizo wa watu hao wakulima na wafua chuma mpaka kwenye vyungu vilivyochorwa pembetatu vya karne ya 6 na kuendelea, vyungu vile vile vilivyotumiwa na watu waliojenga miji ya kwanza ya Waswahili. Limbo, kusini ya Dar es Salaam, alikuta mabaki ya kuyeyushia chuma. Kwa hiyo yule fundi wa chuma wa bara na yule nahodha wa Kaole, pale karibu na mdomo wa Ruvu, walikuwa wametoka tumbo moja. Walitofautishwa na kazi, na baadaye na dini.

Karne nyingi baadaye tunawakuta kwa majina wanayoitwa hadi leo. Wazaramo upande wa kusini na mashariki ya mto, Wakwere na Wadoe upande wa kaskazini, Wakutu na Waluguru ukiufuata mto kwenda juu. Ni ndugu hawa, na utani wao hauishi. Ukoo wao unafuata upande wa mama, jambo lililowatatiza sana maofisa wa kikoloni waliozoea kumwuliza mtu jina la baba yake. Masimulizi ya Wazaramo yanawatoa milimani, na yanamtaja Pazi Kilama, shujaa aliyeitwa na Washomvi wa pwani awasaidie dhidi ya Wakamba waliokuwa wakiwasumbua. Aliposhinda, Washomvi wakabaki na deni la kumpelekea ushuru kila mwaka, ulioitwa kanda la Pazi. Tangu hapo pazi likawa jina la cheo. Walipokosa mvua waliipandisha haja yao mpaka Kolelo, huko huko Uluguru. Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaja kuchezwa chini ya mti wa mkole, na katika kipindi cha kufungwa alipewa mwana hiti, kile kisanamu kidogo cha mti chenye kichwa kilichosukwa, akilee kama mtoto. Mwana hiti siku hizi anauzwa ghali katika majumba ya sanaa ya Ulaya. Nimewahi kumwona mmoja amesimamishwa ndani ya kisanduku cha kioo, hana wa kumpaka mafuta.

Ila kuna kitu kimoja usichokikuta katika masimulizi ya watu hawa, nacho ni ng'ombe. Utakuta mpunga wa bondeni, mtama, muhogo, mbuzi wawili watatu, na kuku. Mahari haikuhesabiwa kwa mitamba. Sababu yake ni ndogo kuliko kucha, inakaa kwenye kivuli cha kichaka na inauma mchana: mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyomwita. Kila mgeni aliyeingia bonde hili na mnyama mkubwa alilipa ada kwa mdudu huyo kabla hajamlipa mwenye ardhi. Burton na Speke walipita 1857 na punda wao, wakawa wanawapungua njiani. Mwaka 1877 mmishonari Roger Price alijaribu kuingia bara kutoka Saadani kwa mikokoteni ya maksai. Maksai wakafa. Mwaka huo huo William Mackinnon, tajiri wa meli wa Uskochi, alianzisha barabara kutoka Dar es Salaam ipasue Uzaramo kuelekea maziwa makuu. Ilifika maili 70 hivi, na 1881 ikaachwa ikarudi porini, maana barabara bila mnyama wa kuvuta ni uwazi tu msituni.

Kisha wakaja tembo. Juni 1879, kwa fedha za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tembo wanne waliofugwa waliletwa kwa meli kutoka India mpaka ghuba ya Msasani, wakatoswa majini waogelee mpaka nchi kavu. Wazo lilikuwa kwamba kama mbung'o amemshinda farasi na maksai, basi tembo atamshinda mbung'o. Kwa hilo hawakukosea sana. Walitembea mpaka Mpwapwa, lakini mizigo ilikuwa mizito na chakula hakikutosha, na mmoja akafia huko huko. Wengine wakaendelea kupungua barani. Nawaza jinsi watu wa vijiji vya Uzaramo walivyotoka kutazama tembo amevaa hatamu, na binadamu amekaa shingoni pake, wao ambao tembo walimjua kama mwizi wa mahindi.

Ni mpaka miaka ya 1890 ndipo David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza huko Zululand, alipothibitisha kwamba mdudu huyu hubeba kimelea cha damu kinacholeta nagana. Wadachi hapa kwetu hawakusubiri dawa. Mwaka 1905 walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam, na mwisho wa 1907 gari moshi likafika Morogoro. Mnyama wa chuma hakuugua. Mwaka huo huo wa 1905 Uzaramo nayo iliingia katika Maji Maji. Kibasila, jumbe wa Kisangire aliyekuwa na mgogoro na serikali juu ya mashamba ya pamba ya lazima, alinyongwa. Leo jina lake linatajwa kila asubuhi na wanafunzi wa shule ya sekondari jijini ambao wengi wao, nadhani, hawajawahi kufika Kisangire.

Kisarawe ilitangulia kupata shule. Waanglikana wa UMCA walihamishia Minaki chuo chao kutoka Kiungani ya Unguja mnamo 1925, wakakiita Mtakatifu Andrea. Wakatoliki walikuwa na Mtakatifu Fransisko, Pugu, ambapo mwalimu mmoja aliyetoka masomoni Edinburgh alifundisha hadi alipoiacha kazi 1955 kwa sababu ya siasa. Mwalimu Nyerere alikuwa akitoka Pugu kwenda mjini kwenye mikutano, na njia hiyo aliifahamu kwa miguu. Sina ushahidi kwamba njia hiyo ndiyo iliyompa wazo la Kibaha, lakini mtu aliyefundisha watoto wa vijijini juu ya kilima kile alijua nini kinapatikana bondeni na nini hakipatikani.

Mradi wa Kibaha ulikuwa na viungo vitatu. Shule ya sekondari, iliyofunguliwa 1965. Kituo cha afya pale Tumbi. Na kituo cha mafunzo kwa wakulima. Nyuma ya kiungo hiki cha tatu kulikuwa na fikra ya zamani kutoka kwao Wanordiki: mchungaji wa Denmark aliyeitwa Grundtvig alihubiri karne ya 19 kwamba mkulima mtu mzima naye anastahili shule, shule isiyo na mtihani, ambamo anakuja majira ya baridi shamba linapolala, anasoma, anaimba, anabishana, kisha anarudi kwake. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mnamo 1844. Hapa kwetu shamba halilali kwa baridi, lakini wazo liliota. Mwaka 1975 Tanzania ikaanza kulieneza nchi nzima kwa msaada wa Sweden, kwa jina la vyuo vya maendeleo ya wananchi, na kile kituo cha wakulima cha Kibaha kikawa mmoja wa ukoo huo.

Kwangu mimi hicho ndicho kilikuwa moyo wa Kibaha, ingawa ndicho kinachotajwa mwisho.

Angalia walichokifanya. Wageni wote waliotangulia walikuja na mnyama mkubwa wakataka nchi imzoee. Kibaha walianza na mnyama ambaye kila nyumba ya Kizaramo ilikuwa naye tayari. Kuku. Mabanda ya Kibaha yalitotoa vifaranga, na waliofundishwa kuwalisha, kuwapa mwanga usiku na kuwachanja walirudi navyo vijijini. Watu wa Kisarawe waliwaita kuku wa kizungu, na bado tunawaita hivyo, hata kama yai limetotolewa Mlandizi na mama yake hajawahi kuiona bahari.

Bibi yangu alikuwa nao sita. Walikuja wakiwa vifaranga katika boksi la karatasi ngumu lenye matundu ubavuni, juu ya mapaja ya mjomba aliyepanda gari Maili Moja, na njia nzima abiria walikuwa wakilijibu lile boksi kila lilipolia. Bibi aliwawekea chemli usiku, akakaa nao kama anavyokaa na mtoto mwenye homa. Kuku wake wa kienyeji walikuwa wakilala juu ya mwembe na hakuna aliyewahi kuwauliza hali. Hawa wageni walitaka maji ya kuchemsha. Jirani zake walimcheka mpaka mayai yalipoanza, yai kila siku, na jirani mmoja akaja jioni akiwa na bakuli, akakaa, akaongea habari za mvua, za msiba wa Maneromango, za mtoto wake, mpaka mwisho kabisa ndipo akauliza kama boksi jingine litakuja lini. Mwaka wa pili ulikuja mdondo. Ukafagia wa kizungu na wa kienyeji bila ubaguzi, na asubuhi moja bibi aliwakuta wamelala shingo zimepinda. Hakulia. Alichoma manyoya nyuma ya nyumba, akamtuma mjomba tena Kibaha, safari hii aulize juu ya sindano.

Naeleza hili kwa urefu kwa sababu ripoti za miradi huhesabu vifaranga vilivyotoka, na jirani mwenye bakuli hana safu yake kwenye jedwali.

Ng'ombe nao walikuja hatimaye, kwa njia mbili tofauti.

Njia ya kwanza ilikuwa ya serikali. Ukivuka daraja la Ruvu kuelekea Chalinze unafika maeneo ya Vigwaza, na huko ndiko iliko Ranchi ya Ruvu, mojawapo ya zile za Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO. Ni familia moja na Kongwa, ambayo iligeuzwa ranchi baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuangukia pua. Kufuga ng'ombe wa Boran katika nchi ya mbung'o ni vita ya kila siku: vichaka vinafyekwa, josho halipumziki, sindano za kinga zinafuata kalenda. Kaskazini zaidi, kampuni ya mkonge ya Amboni iliendesha Ranchi ya Mkwaja kwa karibu nusu karne, lengo la kwanza likiwa kitoweo cha vibarua wa mkonge, na mwaka 2000 ikanyoosha mikono. Leo ardhi ile imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na twiga wanakula pale ambapo mamilioni ya shilingi yalizikwa kwa njia ya sindano.

Ng'ombe anataka nyasi, na kwa hilo Kibaha ina Vikuge, shamba la serikali la malisho na mbegu zake, jirani na Soga. Wafugaji wa mjini Dar es Salaam wanalijua kwa marobota yake ya hei wakati wa kiangazi. Lina pia ukurasa ambao haumo katika vipeperushi. Mwaka 1986 Ugiriki ilitoa msaada wa viuatilifu, DDT ikiwemo, vingine vikiwa vimeshapitwa na wakati, na shehena ikawekwa Vikuge ndani ya banda la nyasi. Banda likaanguka. Mvua ikafanya kazi yake. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokwenda kupima udongo miaka ya baadaye walikuta sumu ingali pale, na mahali ambapo nyasi zilikataa kuota katika shamba ambalo kazi yake ni kuotesha nyasi. Hapo tena mzigo ulitua kutoka mbali, ukazikwa, na hakuna aliyepita kwa mwenye ardhi kwanza. Safari hii haukuwepo hata ubishi wa doti mbili.

Njia ya pili ilikuwa ya miguu. Waparakuyo, wale Wamaasai ambao vitabu vya zamani viliwaita Wakwavi, walishuka na mifugo yao katika nyika za magharibi ya Bagamoyo vizazi kadhaa vilivyopita. Peter Rigby, msomi aliyeishi nao miaka ya 1970 na kuandika kitabu juu yao mwaka 1985, aliwaita wafugaji wasiokata tamaa. Hapa ndipo unapoikuta ranchi ya ukoo kwa maana yake halisi, hata kama haina lango wala kibao. Boma lina baba yake, kila mke ana mlango wake na ng'ombe wa mlango wake, mtoto wa kiume anapewa ndama akiwa mdogo na anakua akihesabu uzao wa ndama huyo. Ukoo una alama ya moto ubavuni na mkato wa sikio. Mchungaji wa miaka kumi na miwili akiwa juu ya kichuguu atakutajia ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, kwa mama zao na kwa bibi zao. Hilo ni daftari la urithi linalotembea, nami sijaona la Shirika lolote lililotunzwa vizuri kuliko hilo.

Walijua kuepa mbung'o bila kuwa na maabara. Walihama vichaka majira fulani, walichoma nyika ili nyasi ziote upya na kichaka kirudi nyuma, walipitisha mifugo usiku. Baadaye wakaongezeka Wamang'ati na Wasukuma, hasa baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 na wengi kuelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Hapo bonde likawa dogo. Mzaramo mwenye mpunga na Mmang'ati mwenye ng'ombe mia hawakuwa na utani wa kale wa kupunguzia makali, na magazeti yalijaa habari za mapigano katika Rufiji, Kisarawe na Bagamoyo ambazo sitazirudia.

Kumbuka pia kwamba Dar es Salaam inakunywa mto huu huu. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi ulijengwa 1959, Ruvu Chini ukafuata 1976, na baada ya upanuzi wa miaka ya karibuni ule wa juu unaweza kutoa lita milioni 196 kwa siku na wa chini milioni 270. Ukame wa 2022 ulipopunguza maji na jiji likaingia kwenye mgao, walionyooshewa kidole haraka ni wenye ng'ombe na wenye bustani za mbogamboga ukingoni. Mji wa mamilioni unaooga kwa bomba ulimtazama ndama anayekunywa kwa ulimi. Sidai kwamba mifugo haiharibu kingo, inaharibu, nimeona. Ila mtu akiwa wa kwanza kufika kwenye mto na wa mwisho kuunganishiwa bomba, malalamiko yake yana haki ya kusikilizwa kabla ya kupigwa faini.

Turudi Tumbi na shuleni, ambako sifa zote ziko. Kibaha Sekondari ni shule ya wavulana wa vipaji maalumu, na matokeo ya mtihani yakitoka watu huitafuta juu ya orodha, si chini. Miongoni mwa vijana wake wa miaka ya mwanzo kabisa alikuwa mwana wa Msoga, Mkwere, Jakaya Kikwete, aliyeanza pale 1966 na kumaliza kidato cha nne 1969. Huyo mtoto wa bonde alikuja kuwa Rais wa nne. Kituo cha afya nacho kilikua kikawa hospitali, na kwa sababu kimekaa kando ya Barabara ya Morogoro, kikajikuta na kazi ambayo Wanordiki hawakuichora kwenye ramani: kupokea majeruhi wa ajali. Muulize dereva yeyote wa basi la mkoani Tumbi ni nini, atakuonyesha kovu au atakutajia jina.

Mji wenyewe umeota kuzunguka Shirika. Leo ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na vituo vyake vinajieleza: Maili Moja, Picha ya Ndege, Kwa Mathias, Kwa Mfipa. Hapo Kwa Mfipa ndipo ilipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa 2022 kwa ajili ya vyama sita vilivyopigania ukombozi kusini mwa Afrika. Mfipa huyo alitoka mbali sana, kutoka upande wa Ziwa Tanganyika, akaacha jina lake njia panda, na sasa makada wa nchi sita wanaambiana tukutane Kwa Mfipa.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Kibaha imerudi kwa wadudu. Mwaka 2015 Kikwete, akiwa katika miezi yake ya mwisho Ikulu, alizindua hapo kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba cha kutengeneza viuaviluwiluwi vya mbu. Na ipo Taasisi ya Chanjo, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambayo kazi yake ni kutengeneza chanjo za mifugo hapa hapa nchini: ya kimeta, ya chambavu, na ile ya mdondo ambayo bibi yangu alimtuma mjomba akaiulizie. Ya mdondo unaweza kuitia kwa tone moja jichoni mwa kuku, na inavumilia joto la kijijini kuliko zile za zamani zilizotaka barafu kila hatua.

Orodha hiyo ya chanjo haina nagana. Chanjo yake haipo popote duniani. Kimelea kinachobebwa na mbung'o kimevaa koti la protini, na kila damu ya mnyama inapojifunza kulitambua koti hilo, kimelea hulivua na kuvaa jingine, na akiba yake ya makoti haiishi. Kwa hiyo kule ng'ambo ya daraja josho bado linafanya kazi na sindano bado zinafuata kalenda, wakati Maili Moja maboksi yenye matundu yanapandishwa kwenye gari la Kisarawe na kondakta anauliza kwa sauti ni ya nani haya, yalipiwe nauli.